Hifadhi ya Reli

Jana walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu,
wakapiga X kwenye ukuta wa jiko la mama.
Hapa ni hifadhi ya reli, walisema.
Mama akauliza: Reli ipi?
Wakakunjua ramani. Kweli, ilikuwepo:
uzi mweusi kutoka Muheza, ukipindapinda
kama mshono wa fundi mlevi,
ukakoma kwenye kidoti. Kwemsala.

Kidoti ndio sisi.

Maili kumi na moja na nusu. Babu alizijua kwa mataruma,
maana kazi yake ilikuwa kuyatembea kila alfajiri
na nyundo ya mpini mrefu, akigonga misumari iliyolegea.
Mlowe, Mbena wa Njombe, aliletwa kwa mkataba akate mkonge;
mkonge ukamkata yeye vidole viwili,
ndipo akapewa nyundo.
Chuma kizima huimba, alisema, kigonjwa hukohoa.
Bibi akajibu: Na mwanamume vivyo hivyo.

Treni yenyewe watu waliiita Subiri Kidogo.
Kichwa kimoja, mabehewa manne ya marobota,
moja la watu, lenye benchi na nusu.
Ikifika mlima wa Mtonga, abiria walishuka,
wakapanda kwa miguu, wakaketi kileleni
wakila muhogo wa kuchoma
hadi ije, ikitweta, iwachukue.
Hakuna aliyerudishiwa nauli ya kile kipande.

Na stesheni: vyumba vitatu vya mawe,
cha tikiti, cha mizigo, cha taa.
Mizani ya marobota, siku ya Jumamosi,
ilipima watoto wachanga.
Mama yangu alipimwa pale: ratili saba,
akaandikwa kwenye daftari la mizigo
chini ya magunia ya iliki.

Halafu ikaja kamba ya nailoni.

Hakuna aliyetangaza. Alhamisi moja
Subiri Kidogo iliondoka na marobota saba
na kuku mmoja wa mkwewe stesheni masta.
Bwana Semkiwa akaandika: Imeondoka, saa nne na dakika ishirini.
Safu ya pili, Imefika, akaiacha wazi, kama desturi.
Kesho yake alikuja na kofia yake. Na keshokutwa.
Alikuja miezi kumi, akaandika tarehe tu,
tarehe, tarehe, tarehe,
mpaka wino wa serikali ukaisha
akakataa kununua wake.

Lori la chuma chakavu lilitoka Tanga mjini.
Waling'oa usiku, waling'oa mchana.
Kilichobaki tulijigawia:
magoli ya uwanjani, daraja la kijito,
taruma moja linaloshikilia banda la mbuzi wa kina Mhando.
Mawe ya chumba cha taa, mama alijengea jiko.
Shuleni kipande cha reli, futi mbili,
kilitundikwa kwenye mfenesi, kikawa kengele.
Babu alipokuwa anakata roho walikigonga, saa ya mapumziko.
Alifumbua jicho moja.
Hicho kizima, alisema.

Basi wamechukua chuma, wamechukua mbao,
paa, saa ya ukutani, hata kibao chenye jina letu;
kitu pekee walichohifadhi ni upana.
Hatua thelathini kushoto, thelathini kulia,
kutoka katikati ya kitu ambacho hakipo.

Mama hakugomba. Alipunguza kuni chini ya maharage,
akaingia ndani, akatoka na daftari
(Semkiwa alimwachia babu alipohamia kwa bintiye Korogwe),
akalipekua hadi Alhamisi ile,
akalifuta majivu kwa kanga,
akamkabidhi yule mrefu pamoja na kalamu.

Haya, mwanangu. Jaza hapa, imefika saa ngapi.

Kijana akatazama simu yake.
Akatazama ukuta.
Rangi ilikuwa bado inachuruzika.
Mwenzake akaomba maji ya kunywa.